Kabla ya kumrudisha binti nyumbani juu ya ngozi yake

Andiko ya leo ni ndefu kidogo. Naomba muisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, juu kuna pendekezo mbele yetu na kikao kijacho tutalipigia kura.

Mulikuwepo. Yaya mmoja wa promosheni za zamani, ambaye namuheshimu sana, alipendekeza umoja wetu uwaandikie wakubwa wa shule ili waweke kanuni mpya: binti yeyote atakayeonekana amejichubua, ile tunaita makiyaji, arudishwe nyumbani mpaka ngozi irudie rangi yake. Watu walipiga makofi. Nia ya yaya ilikuwa safi. Ameona batoto wa miaka kumi na nne, kumi na tano, mashavu mekundu kama ya kuungua na moto, viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Mimi pia ninawaona. Nafundisha historia, na miaka kumi na moja sasa ninasimama mbele ya hao batoto kila asubuhi.

Hata hivyo ninapinga. Makiyaji kwangu si jambo dogo, na mutaona mbele kwamba ninaliogopa kuliko wengi waliopiga makofi. Ninapinga juu hii dawa ya kumuaibisha binti ili apone ilishajaribiwa, tena mara nyingi, tena si mbali na hapa. Matokeo yake yako katika historia. Njo maana naomba dakika zenu.

WANAOGOPA NINI?

Tuanze na batoto wenyewe. Binti wa miaka kumi na tano anayetoka Kadutu kwenda shule anapita mbele ya watu wengi kabla ya kufika darasani: vijana wanaosubiri abiria na pikipiki zao, wauzaji wa barabarani, wenzake. Akiwa mweusi sana, ataitwa "makala". Akiwa mwembamba, ataulizwa kama kwao hawapiki. Akianza kujipaka, rangi ya uso ikatangulia ile ya miguu, watamuimbia "uso Fanta, miguu Coca". Akinunua vidonge vya kunenepesha, watasema amejijaza hewa. Hakuna upande ambao anaweza kusimama asihukumiwe.

Wavulana nao wanayo yao: ufupi, chunusi, ndevu zinazochelewa, miguu myembamba ndani ya suruali ya shule. Wao wanaficha kwa kucheka wenzao mapema, kabla hawajachekwa.

Nimesema vidonge. Tusidhani shida ni rangi peke yake. Kinshasa watafiti wameandika juu ya wanawake wanaokunywa deksametazoni na siproheptadini ili wanenepe, na farmasi zetu hapa hazihitaji mafunzo kutoka Kinshasa. Deksametazoni ni dawa ya hospitali, ya jamii inayoitwa kortikoidi. Klobetazoli, iliyomo katika tyubu nyingi za kung'arisha, ni ya jamii hiyo hiyo. Mwili unaopewa kortikoidi kwa muda mrefu huanza kuacha kutengeneza ya kwake, uso unavimba ukawa mviringo, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara, kidonda kinachelewa kupona. Kwa hiyo binti mmoja anaweza kuwa anakula na anajipaka kitu kile kile, kwa hofu mbili tofauti.

Hofu hizo zilitoka wapi? Sitasema kwamba zamani za mababu hakuna aliyehukumiwa kwa mwili wake. Bibi zetu walitazamwa pia, walilinganishwa, na katika nchi hizi za Maziwa Makuu siagi ya ng'ombe ilikuwa ya kupakwa mwilini ili ngozi ing'ae. Lakini kung'aa si kubadilika. Siagi haikumuambia mtu kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ni kosa. Hilo lilikuja na watu, na karatasi, na miaka tunayoweza kuitaja.

COSTERMANSVILLE

Kuanzia 1927 mpaka miaka ya 1950 muji wetu uliitwa Costermansville. Wazungu walijenga kwenye rasi, pale unapoliona Ziwa Kivu ukiwa barazani. Waafrika walipangiwa Kadutu, baadaye Bagira. Mpaka kati ya pande hizo mbili haukuhitaji ukuta, ngozi ilitosha. Kutembea usiku upande wa Wazungu, Mweusi alihitaji kibali.

Kiisha ikaja njia ya kupanda ngazi. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Waafrika waliosoma, wale walioitwa "evolwe", na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi la kuandikishwa. Muombaji alichunguzwa. Tume iliweza kumtembelea nyumbani, kuangalia nyumba inavyotunzwa, familia inavyokula, jinsi anavyoishi na mke wake. Mutafakari mtu mzima, baba wa watoto, mwalimu au karani, anasimama katika sebule yake mwenyewe akingoja mgeni aamue kama yeye ni mtu wa kutosha. Waliopata kadi walikuwa wachache sana. Lakini somo liliwafikia hata wale ambao hawakuomba: kuna jicho, linapita, linapima, na ukijikaza sana labda litakukubali.

Batoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walipimwa kwa namna kali zaidi. Katika Kongo, Rwanda na Burundi, serikali ya kikoloni iliwaondoa wengi kwa mama zao na kuwaweka kwa wamisionari. Moja ya nyumba hizo ilikuwa Save, Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, na uhuru ulipokaribia wengi wa Save walipelekwa Ubelgiji. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Brussels. Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliozaliwa Kongo, kwamba kuwachukua vile kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mtoto aliondolewa mikononi mwa mama juu ya rangi ya ngozi yake, na serikali iliyaweka hayo katika mafaili.

Kipimo hakikuishia kwenye rangi. Katika Ruanda-Urundi Wabelgiji walipima pua na urefu, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye kitambulisho. Tunajua kile kitambulisho kilivyotumika mwaka 1994, na Bukavu tuliona wenyewe umati uliovuka. Mwaka 1998, vita ya pili ilipoanza, Kinshasa na katika miji mingine watu walikamatwa, wengine wakauawa, juu ya sura yao, juu ya ile tuliyozoea kuita "morfolojia". Ninalitaja polepole, juu najua wako wenzetu humu waliokwepa kutoka nyumbani juu ya pua. Ninachotaka kusema ni kifupi: kwetu, kumuhukumu mtu kwa umbo haijawahi kuwa muchezo wa batoto wa shule. Batoto wanacheza kile walichoona wakubwa wanafanya.

SABUNI, GLAVU NA PICHA

Sasa tufuate chupa yenyewe, juu nayo iko na historia.

Mwaka 1911 kampuni ya Lever ilipewa ardhi kubwa ya michikichi katika Kongo. Mafuta ya mawese ya Kongo, yaliyovunwa na watu wetu, wengi kwa kulazimishwa, yalikuwa ya kutengenezea sabuni kama Sunlight. Tayari katika miaka ya 1880 kampuni nyingine ya Uingereza, Pears, ilikuwa imetoa tangazo maarufu: mtoto Mweusi anaogeshwa, mwili wake unatoka mweupe, uso peke yake umebaki mweusi. Tangazo hilo lilifanya weusi uwe kama uchafu wa kuondolewa.

Kemikali ilikuja baadaye, kwa bahati mbaya ya kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Marekani, wafanyakazi Weusi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama walianza kupoteza rangi mikononi. Madaktari waligundua sababu: glavu za mpira walizopewa zilikuwa na kemikali ya jamii ya hidrokinoni. Kilichokuwa ajali ya kazi kikawa biashara. Katika miaka ya 1960 krimu za hidrokinoni zilikuwa zinauzwa kwa nguvu kusini, mashariki na katikati ya Afrika. Ambi ilivuma mpaka Gabon jina lake likawa jina la tendo lenyewe la kujichubua. Katika Kongo zote mbili watu walisema makiyaji, Tanzania wakasema mkorogo. Sabuni nazo zilikuja na zebaki ndani. Bakubwa humu watakumbuka majina kama Mekako na Jaribu.

Hidrokinoni ile ile, kwa njia, ni dawa ya wapiga picha. Njo iliyotumiwa kuifanya picha nyeusi na nyeupe itokee kwenye karatasi. Na picha ina sehemu yake katika hii hofu. Filamu za rangi za Kodak, kwa miaka mingi, zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kilichompendeza yeye kilikuwa sawa, na sisi wengine tukatoka giza lenye meno. Wengi wetu tuko na picha ya darasa ambayo mtu anajitafuta haoni uso. Batoto wa leo hawana filamu, beko na telefone ambayo yenyewe inang'arisha uso kabla hawajaiomba. Kisha wanatoka nje na uso ambao telefone haikuugusa, na wanaogopa watu wataona tofauti.

JINSI WAKUBWA WALIVYOJARIBU KUZUIA

Hapa njo moyo wa maneno yangu. Nitatoa mifano minne.

Wa kwanza ni Tanzania. Oktoba 1968 jumuiya ya vijana ya TANU ilitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi zingepigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Nia ilikuwa nzuri, wakoloni walikuwa wametuharibu macho. Lakini hata kabla ya tarehe kufika, vikundi vya vijana wanaume vilikuwa vinawasumbua wanawake Dar es Salaam, Kariakoo, wengine wakiwashambulia. Aliyekuwa na wigi alivuliwa mbele ya watu. Kwa hiyo yule ambaye jana alihukumiwa kwa kuwa mweusi, leo alihukumiwa kwa kuuogopa weusi wake. Leo hii, zaidi ya miaka hamsini baadaye, mkorogo bado unauzwa Dar es Salaam.

Wa pili ni sisi wenyewe. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaïre, mwaka 1972 majina ya ubatizo yakaondolewa, baba wakavaa abakosti. Wanawake wakaambiwa waache suruali na mawigi, wavae kikwembe. Ngambo ya pili Idi Amin alikataza sketi fupi mwaka 1972, mawigi na suruali mwaka 1974. Mama zetu wanasimulia jinsi mutu aliweza kukusimamisha njiani akuulize umevaa nini. Nakubali kwamba Authenticité ilitupa jambo moja kubwa, mtoto kuitwa kwa jina la babu yake bila haya. Lakini ilikagua mwili wa mwanamke kama tume ya 1952 ilivyokagua sebule. Jicho lilibadilisha mwenyewe, halikufungwa. Na makiyaji? Kizazi kilichokulia ndani ya Authenticité njo kile kile kilichojipaka.

Wa tatu ni Afrika Kusini, na huu ni tofauti. Mwaka 1975 daktari wa ngozi aitwaye Findlay na wenzake walieleza ugonjwa waliokuwa wanauona kwa wanawake waliotumia krimu za hidrokinoni kwa miaka: ngozi ilirudi nyeusi kuliko mwanzo, ya buluu-nyeusi, yenye vipele vigumu kama mayai ya samaki, na haikutibika. Kumbe wengi waliposema mwanamke fulani "amezidisha", yule alikuwa mgonjwa, na kila alivyoona weusi unarudi alipaka zaidi. Madaktari, watetezi wa wanunuzi na wapinzani wa ubaguzi wa rangi walipiga kelele kwa miaka. Mwaka 1990 zikatolewa kanuni za kuondoa hidrokinoni katika vipodozi na kuzuia matangazo yasitumie hata maneno ya kung'arisha na kuchubua. Nchi ile ilikuwa ya kwanza duniani kufika hapo. Muangalie sheria ilimkamata nani: mwenye kiwanda na mwenye tangazo. Mwanamke aliyeungua uso hakusimamishwa barabarani. Magendo hayakuisha na krimu bado zinapatikana, sitawadanganya. Lakini zile zilizokuwa zinauzwa waziwazi kwa baraka ya sheria ziliondoka dukani.

Wa nne ni jirani. Mwaka 2016 Rwanda ilitoa orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku. Novemba 2018, baada ya rais Kagame kuandika kwenye mtandao kwamba jambo hili halifai kwa afya, polisi walianza kupita madukani na kukusanya. Kule nako aliyetafutwa zaidi ni muuzaji. Lakini mpaka wetu ni daraja. Polisi wa Rwanda wamekuwa wakikamata krimu zinazovuka kutoka Kongo, na tunajua zinatoka soko gani. Nchi moja ikifunga mulango na jirani akaacha dirisha wazi, hewa ni ile ile.

FIGO HAZISOMI KANUNI

Mutaniuliza: sasa tuwaache wajiunguze? Hapana. Na hapa niseme kwa nini naliogopa hili jambo.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza walichokigundua. Walikuwa wanapokea watu wazima waliovimba mwili, figo zinapoteza protini, na sababu haikueleweka. Wengi wa wanawake kati yao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi, kweli, lakini haibaki kwenye ngozi. Inaingia ndani, inakaa kwenye figo, inagusa mishipa ya fahamu, inamfikia mtoto aliye tumboni. Mpaka taulo la nyumbani linaweza kuibeba kwa mtu ambaye hajipaki kitu.

Dunia ilijua. Mwaka 1976 Ulaya ilikataza zebaki katika vipodozi kwa watu wake. Lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa kule kwa ajili ya kutuletea sisi, na ni mwaka 2003 tu Umoja wa Ulaya ulipokataza kuziuza nje. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama wakaamua hata hicho kidogo kiishe mwaka 2025. Watu waliovaa suti walijua, wakapanga, wakahesabu miaka. Kisha sisi tunataka mwenye kosa awe binti wa miaka kumi na tano aliyenunua kikopo kwa pesa ya mandazi.

Tena kuna jambo ambalo kanuni ya kurudisha nyumbani haijalifikiria. Mtu aliyepaka kortikoidi kwa muda mrefu akiacha ghafla, ngozi inaweza kuwaka, ikauma, ikatoa vipele vibaya kuliko mwanzo. Anahitaji muganga amuongoze aache polepole. Yaani binti anayetii kanuni yetu peke yake, kwa siri, ataonekana mbaya zaidi kwa wiki kadhaa. Na kwa kuogopa kuonekana vile, atarudi kwenye chupa.

Nilishuhudia. Katika shule moja ambayo sitaitaja, msimamizi wa nidhamu alimuita binti mbele ya mustari, asubuhi, baada ya bendera. Akamuambia avue sweta anyooshe mikono, wote waone viwiko. Shule nzima ilicheka, hata walimu wawili. Binti hakulia. Alivaa sweta yake, akarudi kwenye mustari, na kesho yake hakuja. Wiki zikapita. Nilikwenda kwao na mwalimu mwingine, tukamukuta shangazi yake. Alituambia mutoto ana vidonda shavuni, vinatoa maji, anajifunika kitenge, na amekataa kwenda kituo cha afya. Kwa nini? "Anasema hata kule batamucheka." Bado alikuwa anajipaka, usiku, kwa tochi ya telefone. Alichoacha ni shule.

Shangazi ndiye aliyemuokoa. Alimpeleka kwa muuguzi mama anayemfahamu, jioni, wakati hakuna foleni. Ilichukua miezi. Egzeta ile ya mwaka ule hakuifanya.

PENDEKEZO LANGU

Yaya, kwa heshima yote, pendekezo lako lingemuweka binti yule nyumbani kwa sheria, badala ya kwa aibu peke yake. Ninaleta lingine, na ninaomba lipigiwe kura pembeni ya lako.

Kwanza, tuandikie shule, ndiyo, lakini tuombe ngozi ya mwanafunzi isikaguliwe mbele ya wengine, wala asifukuzwe juu yake. Tuombe pia majina ya "makala" na "Fanta" yahesabiwe kuwa matusi katika kitabu cha nidhamu, yakitoka kwa mwanafunzi au kwa mwalimu.

Pili, tuko na wauguzi na waganga ndani ya umoja huu. Tuombe wawili au watatu wa kike wajitolee alasiri moja kwa mwezi, chumba kimefungwa, bila orodha ya majina mulangoni. Binti au mvulana aingie aulize anachotaka: krimu, vidonge, chunusi, uzito. Pesa ya mafuta ya pikipiki yao tutachangia.

Tatu, Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, iko na kazi ya kuchunguza bidhaa zinazoingia. Umoja wa watu waliosoma sheria, kemia na biashara unaweza kuandika barua yenye majina ya bidhaa zinazouzwa Kadutu na Nyawera bila maandishi ya kilichomo ndani. Tunaogopa kumuandikia mwenye depo, tunaona rahisi kumuandikia mutoto. Historia niliyowaeleza inaonyesha barua ipi inasaidia.

Nne ni la sisi wenyewe, na halihitaji kura. Kwenye ndoa tunapochagua mabinti wa kusindikiza bibi harusi, ni nani tunamuweka mbele na nani nyuma? Mutoto akizaliwa, swali la pili baada ya "ni kijana ao ni binti" ni lipi? Tunainua kofia ya kichanga tuangalie rangi ya masikio, tukitabiri atakuwa mweupe ao mweusi. Binti anasikia hayo miaka kumi na tano kabla hajanunua kikopo.

Tume ya 1952 haipo tena. Wale waliokuwa wanakuja kukagua sebule walirudi kwao zamani. Nisingependa barua yenye muhuri wa umoja wetu iwape batoto wetu tume nyingine.

Tukutane kikaoni. Atakayekuja kunipinga aje na hoja, tutakaa chini tuzungumuze kama ndugu.